Kifafa si Ulozi



Katika kilio kimoja usiku, watu wakiwa wameketi kuzunguka moto, msichana wa miaka 12 alianguka. Alitoa sauti moja kali, akakauka kama gogo, kisha mikono na miguu ikaanza kutikisika, na povu likamtoka kinywani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa ndani ya makaa. Tulikuwa watu zaidi ya 40 mahali pale, karibu wote tumebatizwa, na wengi tulikuwa tumekomunika Jumapili iliyotangulia. Nani alimtoa motoni? Sisi tulirudi nyuma. Sauti zikasikika: “Msimguse! Povu litawaambukiza!” Na mimi mwenyewe, ninayefundisha wengine katekisimu, niliyesoma filosofia seminarini, nilirudi nyuma hatua mbili. Aliyemvuta ni mama mmoja mjane, mzee, asiyejua kusoma.

Leo vidole viwili vya mkono ule havikunjuki. Baada ya kilio, ukoo ulikaa shauri. Wengine walisema mke wa pili wa baba yake ndiye aliyemroga. Wengine wakampeleka katika chumba cha maombi. Huko alifungishwa siku tatu bila chakula, na vidonge alivyopewa na mganga wa hospitali vikatupwa chooni, eti vinamzuia Roho. Siku ya nne alianguka mara tano.

Sitaji mtu wala mahali, maana shabaha yangu si kumwaibisha mtu. Napigana na maneno matatu yanayosemwa katika vijiji na miji yetu: kwamba kifafa ni ulozi, kwamba kila mwenye kifafa ana pepo, na kwamba povu lake linaambukiza. Nasema maneno hayo matatu ni uongo, tena ni uongo unaounguza watoto. Na ili nisionekane kusema kwa hasira tu, nitaeleza kinachotendeka ndani ya mwili wa mtu anayeanguka. Someni kwa uvumilivu.

Umeme ulio ndani yetu

Unapotaka kuinua jembe, amri hutoka kichwani, hupita katika uti wa mgongo, ikafika mkononi. Unapokanyaga kaa la moto, habari hutoka mguuni ikapanda juu. Njia za habari hizo ni mishipa ya fahamu, ambayo waganga huiita neva. Tusiichanganye na mishipa ya damu. Neva ni fungu la nyuzi nyembamba sana, na kila uzi ni kama mkia mrefu wa seli moja, yaani chembe moja iliyo hai. Katika ubongo wa mtu zimo seli za namna hiyo karibu bilioni 86.

Lakini hiyo habari yenyewe ni kitu gani? Zamani wenye elimu walidhani ni pumzi nyepesi ipitayo ndani ya neva kama ndani ya mrija. Mwaka 1791 Luigi Galvani, mwalimu wa mji wa Bologna katika Italia, Mkatoliki mwenye ibada, alitangaza majaribio yake juu ya vyura. Aligusa neva kwa umeme, na mguu wa chura aliyekwisha kufa ukaruka. Akasema: umo umeme katika mwili wa mnyama. Mwaka 1850 Mjerumani Hermann von Helmholtz alipima mwendo wa habari katika neva ya chura, akaona ni meta 27 hivi kwa sekunde.

Tazameni basi. Jambo hili linapimika kwa saa na kwa meta. Lakini umeme wa waya hukimbia kupita hapo mara nyingi mno. Kwa hiyo umeme wa neva si sawa na ule upitao katika waya wa shaba. Ni umeme wa namna gani? Ni umeme wa chumvi.

Kazi ya chumvi

Babu zetu waliitafuta chumvi kwa jasho. Wa upande wa Kivu walinunua ile ya Katwe katika Uganda. Wa Katanga walikuwa na ile ya Mwashya. Walijua kwamba mwili haukai bila chumvi, ingawa hawakujua sababu. Sisi leo tunaijua.

Ukitia chumvi ya kupikia ndani ya maji, inapotea machoni. Haikupotea kweli. Imegawanyika kuwa punje ndogo mno za namna mbili, sodiamu na klorini, na kila punje imebeba umeme wake: sodiamu umeme chanya, klorini umeme hasi. Punje yenye kubeba umeme namna hii huitwa ioni. Ndani ya mwili zimo pia ioni za potasiamu, tunayoipata katika ndizi na maharage, na ioni za kalisi.

Seli ya neva imezungukwa na ngozi nyembamba sana ya mafuta. Ioni haziwezi kupenya mafuta hayo; lazima zipite milangoni. Nje ya ngozi hiyo sodiamu ni nyingi, zaidi ya mara 10 kuliko ndani. Ndani, potasiamu ni nyingi, karibu mara 30 kuliko nje. Nani anazipanga hivyo? Zimo pampu ndogo katika ngozi hiyo. Kila pampu hutoa ioni 3 za sodiamu na kuingiza ioni 2 za potasiamu, tena na tena, mchana na usiku. Aliyeivumbua ni Jens Skou wa Denmark, mwaka 1957, naye alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1997. Kazi hiyo yataka chakula. Ubongo ni kama sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mtu, lakini hutumia karibu sehemu 20 katika 100 za nguvu za mwili uliotulia.

Neva inapopumzika, potasiamu kidogo huvuja nje, nayo hutoka pamoja na umeme wake chanya. Kwa hiyo ndani hubaki hasi kuliko nje, kwa kiasi cha milivolti 70 hivi. Betri moja ya tochi ina milivolti 1500. Basi kila neva ni betri ndogo, yenye nguvu kama sehemu moja katika 20 ya ile ya tochi. Lakini betri hii haiishi, maadamu mtu anakula na kupumua.

Ishara huzaliwa hivi. Neva ikiguswa na jambo, mahali pale uhasi wake hupungua. Ukipungua kutoka 70 mpaka kama 55, milango ya sodiamu hufunguka ghafla. Sodiamu iliyokuwa nje huingia kwa kishindo, kama watu waliokuwa wakingoja lango la soko lifunguliwe. Mara moja ndani panakuwa chanya, milivolti 30 au 40. Kisha milango hiyo hujifunga yenyewe. Milango ya potasiamu hufunguka, potasiamu hutoka, na ndani panarudi kuwa hasi. Mambo hayo yote hutendeka kwa muda wa sehemu moja au mbili katika 1000 za sekunde.

Na ishara husafirije? Mmeuona moto wa pori wakati wa kiangazi. Jani moja linawaka, linawasha la pili, la pili linawasha la tatu, mpaka moto unafika ng'ambo ya kilima. Hakuna jani lililosafiri. Moto ndio uliosafiri. Vivyo hivyo milango ya sodiamu ikifunguka mahali pamoja, huamsha milango ya mahali pa pili. Tena moto haurudi nyuma, kwa sababu majani ya nyuma yamekwisha kuungua. Na milango ya neva iliyokwisha kufunguka hukomewa kwa kitambo, ndiyo maana ishara huenda mbele tu. Lakini pori hungoja mvua ili liote tena; neva huwa tayari tena upesi kuliko kufumba na kufumbua jicho.

Ishara ikifika mwisho wa uzi, ioni za kalisi huingia, na neva humwaga dawa yake kidogo juu ya seli ya jirani. Dawa nyingine husema: Amka! Nyingine husema: Nyamaza! Ile ya kunyamazisha mara nyingi hufungua milango ya klorini, iliyo hasi, na jirani hutulia.

Mtu atauliza: nani aliyahakikisha mambo hayo? Namjibu. Ngisi, mnyama wa baharini, ana neva yenye uzi mmoja mnene, hata nusu milimita, unaoonekana kwa macho. Mwaka 1949 Alan Hodgkin na Bernard Katz walipunguza sodiamu katika maji yaliyoizunguka neva hiyo, na ishara ikapungua. Wakairudisha sodiamu, na ishara ikarudi. Mwaka 1952 Hodgkin na Andrew Huxley walitoa hesabu kamili ya milango hiyo inavyofunguka na kufungwa. Mwaka 1963 hao wawili walipewa tuzo ya Nobel pamoja na John Eccles wa Australia, aliyechunguza jinsi seli moja inavyoiambia nyingine amka au nyamaza.

Wala hamna haja ya kwenda Uingereza. Wewe uliyekwisha kung'olewa jino hospitalini, ulichomwa sindano, na ufizi ukafa ganzi. Dawa ile iliziba milango ya sodiamu katika neva ya jino, na habari ya maumivu ikashindwa kuondoka. Je, mganga wa meno alimfukuza mlozi? Hasha. Alifunga mlango.

Kifafa ni nini basi?

Katika ubongo wenye afya, seli hupokezana kama kwaya ya sauti nne: hawa wanaanza, hawa wanangoja, wengine wananyamaza. Katika kifafa, kundi kubwa la seli hupiga ishara zake zote kwa pamoja, na zile za kunyamazisha hushindwa. Ni kama kwaya nzima ikipiga ukelele mmoja. Hans Berger, mganga wa Ujerumani, alianza mwaka 1924 kuandika umeme wa ubongo kwa mashine kutoka juu ya kichwa cha mtu, na kwa njia hiyo leo dhoruba ya kifafa huonekana katika karatasi.

Ubongo wote ukishikwa, mtu hupoteza fahamu. Viungo hukauka na kutikisika kwa sababu amri nyingi zimetoka bila utaratibu. Povu ni mate tu yaliyochanganyika na pumzi, kwa kuwa taya imebana na mgonjwa hamezi. Damu ni ya ulimi uliojiuma. Hakuna katika povu hilo kitu kinachoweza kukupa kifafa, kwa maana dhoruba ya umeme ndani ya kichwa cha mwenzako haiwezi kuruka kwa njia ya mate mpaka kichwani mwako.

Nani basi anaileta dhoruba hiyo? Kwa mtoto mmoja ni kuzaliwa kwa shida na kukosa hewa. Kwa mwingine ni malaria iliyopanda kichwani, au meninjiti. Kwa mwingine ni kuumia kichwa katika ajali ya pikipiki. Kwa mwingine ni mayai ya tegu wa nguruwe, yaliyoingia mwilini kwa uchafu wa mikono au chakula, na wadudu wake wakakaa ubongoni. Kando ya mito yenye nzi weusi waletao upofu, kifafa nacho ni kingi, na uchunguzi umeonyesha kwamba magonjwa hayo mawili yanakwenda pamoja; ndiyo sababu moja zaidi ya kumeza Mectizan inapogawanywa. Hata mtoto aliyeharisha sana, akanyweshwa maji matupu, aweza kupungukiwa sodiamu katika damu mpaka atikisike. Kwa sababu hiyo wauguzi humpa maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo. Lakini asitokee mtu wa kumlambisha mwenye kifafa chumvi. Mwili hujipimia wenyewe, na chumvi ya kuzidi hudhuru.

Mara nyingine sababu haijulikani. Lakini sababu isiyojulikana si ruhusa ya kumtaja mke wa pili.

Wanaobisha

Wa kwanza atasema: “Katekista, unapinga Injili. Yezu alimtoa pepo kijana aliyekuwa akianguka motoni na majini.” Ndiyo, Marko ameandika hivyo katika sura ya 9, nami nasadiki. Lakini Mateo, katika sura ya 4, alipowahesabu waliopelekwa kwa Yezu, aliwataja wenye pepo peke yao, wenye kifafa peke yao, na waliopooza peke yao. Injili yenyewe inatenganisha. Sisi ni nani tuchanganye? Tena Mama Kanisa haruhusu mtu yeyote kufukuza pepo kwa ibada ya kuapisha bila ruhusa ya pekee ya Askofu, na Katekisimu ya mwaka 1992 inafundisha kwamba kwanza ni lazima kuhakikisha kama si ugonjwa. Wale walioitupa dawa chooni, walimwuliza Askofu gani? Na Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatuambia tumheshimu mganga, na kwamba ni Bwana aliyeziumba dawa katika ardhi. Mwenye kutupa dawa anatupa alichoumba Mungu.

Nasi tuliofunzwa sala tukumbuke: hakuna anayekatazwa kumwombea mgonjwa. Mwombee, umwekee mikono, umwite padri ampe Mpako wa Wagonjwa. Lakini uombe huku kidonge kikiwa mkononi mwake, si chooni.

Wa pili ni kijana aliyesoma. Atacheka akisema: “Kama mawazo ni chumvi na umeme, roho iko wapi?” Namjibu kwa ufupi. Kinanda cha kanisa hutoa sauti kwa upepo na vyuma. Ukikiharibu, wimbo hukatika. Je, hilo laonyesha kwamba hakuna mpigaji? Kuzijua ioni ni kukijua kinanda. John Eccles, yule wa tuzo ya mwaka 1963, aliyezijua seli hizo kuliko wengi, mpaka uzee wake alitetea kwamba nafsi ya mtu si ubongo tu. Imani yetu haiogopi kipimo cha milivolti.

Wa tatu hasemi kitu. Ana mtoto mwenye kifafa, naye anamficha katika chumba cha nyuma kwa sababu ya aibu. Haendi shule, haendi mafundisho, hapati Komunyo ya kwanza. Mzazi huyu simkemei kwa ukali, maana sisi majirani ndio tuliomtia aibu hiyo. Namkumbusha tu neno la wahenga: mficha maradhi kilio kitamfichua.

Yatupasayo kufanya

Shirika la Afya Duniani linahesabu watu karibu milioni 50 wenye kifafa. Linasema hata watu 70 katika 100 wangeweza kuishi bila kuanguka kama wangetibiwa ipasavyo. Lakini katika nchi maskini karibu robo tatu hawapati dawa wanayoihitaji. Fenobabitali imetumika tangu mwaka 1912, na bei yake ni ndogo. Inasaidia milango ya klorini ikae wazi zaidi, ili sauti ya kunyamazisha isikike. Fenitoini na kabamazepini huzuia milango ya sodiamu isifunguke ovyo. Kila mgonjwa hupewa iliyo yake na mganga. Humezwa kila siku, hata mgonjwa anapojiona mzima, na kuiacha ghafla huleta hatari kubwa, kama tulivyoona kwa msichana yule.

Na mtu akianguka mbele yako, fanya hivi. Mwondoe karibu na moto, maji na barabara. Mlegeze nguo za shingoni, mtilie kitu laini chini ya kichwa. Usimkandamize. Usimtie kijiko, kijiti, wala kidole kinywani. Hawezi kuumeza ulimi wake. Mtikiso ukipungua, mlaze kwa ubavu ili mate yatoke. Tazama saa: ukipita dakika 5, au akianguka tena kabla hajazinduka, apelekwe hospitali mara moja. Kisha kaa naye. Anapoamka haelewi yuko wapi, naye anaona haya. Afunikwe vizuri, aambiwe neno jema.

Ndugu zangu, turudi kwa yule kijana wa Injili. Watu wengi walikuwa wamesimama wakitazama, kama sisi kwenye kilio. Yezu alifanya nini? Kwanza alimwuliza baba yake: jambo hili limempata tangu lini? Ndilo swali lile lile mganga analouliza leo. Na mwisho, watu walipokwisha kusema kwamba kijana amekufa, Yezu alimshika mkono, akamwinua.

Alimshika mkono. Hakuogopa povu. Mama yule mjane hakujua habari za sodiamu wala za potasiamu, lakini alifanya alivyofanya Bwana. Mimi nilijua sura na mistari, nikarudi nyuma. Dhambi yangu hiyo nimeiungama. Sasa namwendea msichana yule nyumbani kwao kila Jumamosi. Ameanza tena kumeza vidonge vyake, na anajifunza kuandika kwa mkono wa kuume. Nawasihi, katika parokia zetu, atakayeanguka kesho asikute tena watu 40 wanaorudi nyuma.